Karanga isiyotajwa kwenye pakiti: Hatari iliyojificha katika unga wa lishe na baa za protini

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

MFUKO wa kilo moja wa unga wa lishe, wenye karatasi iliyobandikwa kwa gundi na kuandikwa “mahindi, ulezi, mchele, soya”, ulitosha kumpeleka mtoto wa miaka mitatu kituo cha afya usiku, akiwa amepakatwa juu ya pikipiki, midomo imevimba na pumzi ikitoka kwa mluzi.

Mtoto huyo ni mpwa wa mwandishi wa makala haya. Familia yake, inayoishi Nkwenda wilayani Kyerwa, ilifahamu tangu alipotimiza mwaka mmoja kwamba karanga zinamdhuru, na kwa sababu hiyo mama yake aliisoma karatasi ile mara mbili kabla ya kulipa. Karanga hazikutajwa. Alipomuuliza muuzaji, alijibiwa: “Hapana dada, humu hakuna karanga, nimechanganya kwa mkono wangu mwenyewe.”

Muuzaji hakusema uongo. Siku chache baadaye, alipofuatwa kwa upole, ilibainika kuwa mashine aliyosagia ilikuwa imetoka kusaga karanga za mteja mwingine asubuhi hiyo hiyo, na mahindi yake ndiyo yaliyofagia mabaki yaliyokwama ndani. Mtoto alichomwa sindano ya adrenalini, akalazwa hadi kulipopambazuka, akarudi nyumbani akidai chai.

Tukio hilo halikuwa na mhalifu, na pengine hiyo ndiyo sababu ya kulieleza. Tumezoea kudhani kwamba chakula cha hatari ni kile kilichooza, kilichopitwa na muda au kilichochakachuliwa. Chakula chenye kuleta mzio ni kizima, kitamu na salama kwa karibu kila anayekila, na ni sumu kwa mmoja tu aliyeketi mezani hapo.

Mzio wa chakula, ambao mitaani huitwa aleji, ni kosa la kinga ya mwili. Kinga huiona protini isiyo na madhara, kama ile ya karanga au ya yai, kana kwamba ni adui, na kuitengenezea askari wanaojulikana kitaalamu kwa jina la IgE. Protini hiyo inaporudi mwilini, hata kwa kiasi kidogo mno, askari hao huzichochea seli zimwage kemikali, ikiwamo histamini. Ngozi huwasha na kuvimba, tumbo husokota, njia ya hewa hubana na shinikizo la damu hushuka. Mshtuko huo, ambao madaktari huuita anafilaksia, unaweza kuua kwa muda mfupi.

Ni vyema hapa kutenganisha mambo yanayochanganywa kila siku. Mtu mzima anayejaa gesi na kuharisha baada ya kunywa maziwa, kwa kawaida hana mzio. Amepungukiwa na kimeng’enya cha kuvunja sukari ya maziwa, hali iliyo ya kawaida kwa Waafrika wengi. Atasumbuka, lakini maisha yake hayako hatarini. Kadhalika sumukuvu, iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, hutokana na ukungu wa mahindi na karanga, na humdhuru yeyote anayeila. Huo si mzio, na anayeukimbia mmoja asidhani ameukimbia na mwingine.

Kapu moja, majina mengi

Baa za protini, vile vipande mfano wa kashata vinavyofungwa katika karatasi ing’aayo na kupendwa na vijana wanaonyanyua vyuma, bado si bidhaa ya kila duka mjini Kayanga au Omurushaka. Anayezitaka huagiza kwa ndugu aliye Mwanza, Dar es Salaam au Kampala. Hata hivyo jamaa zake zimejaa kila gulio: unga wa lishe, kashata za karanga, vibonge vya ufuta, siagi ya karanga iliyotiwa katika chupa iliyowahi kuwa na asali, na senene waliokaangwa na kufungwa katika vifuko. Zote zinauzwa kwa sifa moja, nayo ni kujenga mwili.

Kwa jicho la mwenye mzio, baa ya protini ni mkutano wa maadui wote chini ya paa moja. Ndani yake mtengenezaji huweka protini ya maziwa, ya soya au ya ute wa yai, huongeza karanga, lozi au korosho, hunyunyiza ufuta na kuifunika kwa chokoleti. Matatizo ya lugha yanaanzia hapo, kwa kuwa lebo nyingi ni za Kiingereza na mara nyingi hazitumii jina ambalo mnunuzi analijua. Maziwa hujificha nyuma ya maneno “whey”, “casein” na “caseinate”. Ute wa yai huitwa “albumen”. Karanga huweza kuandikwa “peanut”, “groundnut” au “arachis”, na ufuta ukaitwa “sesame”, “tahini” au, kwa bidhaa zitokazo Uganda, “simsim”. Mwenye mtoto wa mzio wa maziwa akitafuta neno “milk” peke yake, anaweza kuisoma lebo yote na bado akanunua kile alichokuwa akikiepuka.

Hayo ni yale yaliyoandikwa. Zito zaidi ni lile ambalo halikuandikwa kabisa.

Nchini Marekani, ambako sheria ya kutaja viambato vya mzio ilipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Januari 1, 2006, mzio usiotajwa kwenye lebo umekuwa sababu kuu ya vyakula kurudishwa kutoka sokoni. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilieleza matokeo ya kupima chokoleti nyeusi: kati ya vipande 88 ambavyo lebo zake hazikuorodhesha maziwa miongoni mwa viambato, 51 vilikutwa na maziwa. Sababu kubwa ilikuwa ile ile ya mashine ya Kyerwa. Chokoleti nyeusi hupita katika mitambo iliyotoka kupitisha ya maziwa.

Kati ya mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, nchini humo humo, bizari nyembamba ya kusagwa ilikutwa na protini ya karanga. Bizari ni kiungo tu. Ilikuwa imeshaingia katika vyakula vingine vingi vilivyopikwa na viwanda visivyojua chochote, na vyote vikalazimika kuondolewa madukani. Mnunuzi angewezaje kushuku karanga ndani ya nyama iliyotiwa viungo?

Uingereza nayo ilijifunza kwa machozi. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki dunia baada ya kula mkate uliotiwa ufuta ndani ya unga wake bila lebo kusema hivyo. Mkate huo ulitengenezwa na kufungwa dukani hapo hapo, na sheria ya wakati huo haikudai orodha ya viambato kwa chakula cha namna hiyo. Wazazi wake walipigania mabadiliko, na tangu Oktoba 1, 2021 chakula kinachofungwa mahali kinapouzwa lazima kiwe na orodha kamili, na vya mzio vionekane wazi. Msomaji atambue kwamba unga unaosagwa, kuchanganywa na kufungwa katika chumba cha nyuma cha duka la Nkwenda uko katika kundi hilo hilo.

Sheria inasema nini

Msingi wa lebo za vyakula duniani ni kiwango cha Tume ya Codex, chombo kilichoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO mwaka 1963. Kiwango chake cha lebo cha mwaka 1985 kiliendelea kuboreshwa, kikataja makundi ambayo lazima yaandikwe daima: nafaka zenye gluteni kama ngano, jamii ya kamba na kaa, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa na jamii ya lozi na korosho, pamoja na dawa za salfaiti zinapofikia miligramu 10 kwa kilo. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa FAO na WHO lilipendekeza ufuta nao upewe uzito wa kwanza. Marekani iliuingiza katika sheria mwaka huo huo, na agizo likaanza kutumika Januari 1, 2023.

Kipengele kimoja cha Codex kinastahili kukumbukwa na kila mfungashaji. Kiambato kilichotengenezwa kwa vitu kadhaa, iwapo ni chini ya asilimia 5 ya chakula, kinaweza kuandikwa bila kuchambuliwa. Lakini ruhusa hiyo haihusu vitu vya mzio. Kijiko kimoja cha karanga katika gunia zima la unga bado kinapaswa kutajwa.

Katika ukanda wetu, kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kimejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo pakiti iliyovuka mpaka wa Murongo kutoka Kikagati nchini Uganda haina kisingizio cha kutumia kanuni tofauti na ile iliyofungwa Kayanga. Kwa upande wa usimamizi, tangu Julai 2019 jukumu la usalama wa chakula lilitoka katika iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa na kuwa la Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wapo wafanyabiashara ambao hadi leo bado huonyesha karatasi za enzi za TFDA wakiulizwa habari ya ukaguzi. Mamlaka hiyo imekuwa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba.

Wengi huitafuta alama ya TBS kwenye pakiti na kutulia. Ni vizuri kuitafuta, kwa kuwa inaonyesha kwamba bidhaa ina mwenyewe, ina anuani na imepimwa dhidi ya kiwango. Lakini alama hiyo haimaanishi kwamba chakula hakina karanga. Siagi bora ya karanga nayo huwekewa alama hiyo hiyo. Mwenye mzio lazima asome orodha ya viambato hata pale alama inapong’aa.

Upande wa pili wa suala hili ni wa wajasiriamali wenyewe, wengi wao wakiwa akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Si haki kuwabebesha lawama bila kutazama mazingira yao. Kijiji kizima huweza kutegemea mashine moja ya kusaga, na mwenye mashine hana sababu ya kujua nani ana mzio wa nini. Hata hivyo dawa yake haihitaji mtaji mkubwa. Karanga na soya zisagwe mwisho wa siku, baada ya nafaka. Mashine ifunguliwe na kupigwa brashi, kisha kilo chache za kwanza za mahindi zipewe mifugo. Kibaba cha karanga kisiingie katika ndoo ya unga. Karatasi ya lebo iseme ukweli wote, pamoja na kwamba unga umesagwa katika mashine inayosaga karanga. Mjasiriamali mdogo anayetaka kwenda mbali zaidi huanzia kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), ambalo humtambulisha kwa TBS.

Zaidi ya hayo, ipo hoja ya kuacha kabisa desturi ya kutia kila kitu katika mfuko mmoja. Wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakieleza mara kwa mara kwamba unga wa mchanganyiko wenye karanga huwahi kuchacha kwa sababu ya mafuta yake, na kwamba ni afadhali nafaka isagwe peke yake na karanga iongezwe jikoni. Ushauri huo ulitolewa kwa ajili ya ubora, lakini kwa mwenye mzio ni ukombozi. Mwandishi wa makala haya hajawahi kuelewa kwa nini unga wenye aina 12 za mbegu huonekana bora kuliko wenye aina mbili.

Senene na dagaa

Kagera ina jambo lake ambalo vitabu vya mzio vya Ulaya vimeanza kulijua juzi tu. Senene, ambao huliwa hapa tangu zamani na kutumwa kwa watoto walio mbali kama zawadi ya heshima, wana protini inayoitwa tropomayosini, inayofanana sana na ile ya kamba wa baharini na ya wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Kwa sababu hiyo mtu aliyedhurika kwa kamba akiwa Dar es Salaam anaweza kudhurika kwa senene alipokuja likizo Karagwe, hata kama hajawahi kuwagusa. Kuwakaanga hakuiondoi protini hiyo, kwa kuwa inavumilia moto.

Kwa watu wa hapa, senene waliofungwa wazi si tatizo, kwani anayewanunua anajua anachonunua. Tatizo linaanza wanaposagwa. Unga wa wadudu unaweza kuingizwa katika biskuti, uji na baa za protini bila rangi wala umbo lake kutambulika. Umoja wa Ulaya, ulipoidhinisha funza wa unga mwaka 2021 na unga wa chenene mwezi Januari 2023 viuzwe kama chakula, uliagiza lebo zionye kwamba vinaweza kuwadhuru wenye mzio wa jamii ya kamba na wadudu wa vumbi. Yeyote anayefikiria kusaga senene na kuwauza mijini angefanya vyema kuiga maneno hayo kabla hajaagizwa na mtu.

Dagaa wa Ziwa Victoria nao husagwa na kuingizwa katika unga wa watoto ili kuongeza protini. Hao ni samaki, na samaki wamo katika orodha. Kwa kuwa dagaa kidogo hufunikwa na harufu ya ulezi, mnunuzi asitegemee pua yake.

Kabla ya kufungua pochi

Swali “kuna karanga humu?” ni jema lakini halitoshi, kama mama wa Nkwenda alivyogundua. La pili linalopaswa kufuata ni: “Imesagwa wapi, na mashine hiyo husaga nini kingine?” Muuzaji asiyejua jibu ameshakujibu. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, tarehe wala orodha ya viambato isinunuliwe kwa ajili ya mwenye mzio, hata ikiwa ya jirani mpendwa. Bidhaa zinazopimwa kutoka gunia lililofunguliwa ziko katika fungu hilo hilo.

Kwa baa za kutoka nje, isomwe orodha yote hadi mwisho, kisha utafutwe mstari unaoanza na neno “contains”, maana yake “ina”, na ule wa “may contain”, yaani “huenda ina”. Huu wa pili katika nchi nyingi ni wa hiari. Kuwapo kwake ni onyo la kweli, lakini kukosekana kwake si ahadi ya usalama. Aidha, lebo isomwe kila mara pakiti inaponunuliwa, kwa kuwa watengenezaji hubadili viambato bila kubadili sura ya pakiti, na ladha mbili za baa moja huweza kutofautiana kabisa.

Ikumbukwe pia kwamba protini haina haja ya kusafiri kutoka ng’ambo. Maharage makavu yana takriban gramu 21 za protini kwa kila gramu 100, na Karagwe haijawahi kukosa maharage. Baa moja ya kawaida huwa na kama gramu 20. Mwenye mzio aliye na jiko lake mwenyewe ana usalama ambao hakuna lebo inayoweza kumuuzia.

Pale ajali inapotokea, dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Vipele na kuwashwa peke yake vinaweza kutulizwa kwa vidonge vya mzio, lakini sauti ikikwaruza, pumzi ikibana, mtoto akilegea au kutapika mfululizo, vidonge havitoshi. Dawa ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, na ucheleweshaji ndio unaoua. Kalamu za kujichoma zinazobebwa mfukoni Ulaya ni nadra huku kwetu, ingawa adrenalini ya chupa ndogo ni dawa muhimu inayotakiwa kuwapo katika vituo vya kutolea huduma. Mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu, au aachwe akae ikiwa anashindwa kupumua. Asisimamishwe wala kutembezwa. Asirudishwe nyumbani mara tu anapopata nafuu, kwa kuwa mshtuko huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kwa wanaoishi mbali na hospitali kama Nyakahanga upande wa Karagwe au Isingiro upande wa Kyerwa, ni busara kuuliza mapema, siku ya amani, kama zahanati ya jirani inayo dawa hiyo.

Pakiti isitupwe. Jina, tarehe na namba ya toleo ndivyo vitakavyomwezesha ofisa afya wa halmashauri au TBS kufuatilia chakula kilichobaki sokoni kabla hakijamfikia mtoto mwingine.

Wazazi ambao watoto wao hawana tatizo lolote wasikimbilie kuwanyima karanga kwa hofu. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, uliohusisha watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema na mara kwa mara walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa hadi miaka mitano. Karanga hizo ziwe zimesagwa laini, kwa kuwa punje nzima humkaba mtoto, na mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyo kali aonwe na daktari kwanza.

Huko Nkwenda, mama wa mtoto yule sasa hununua ulezi na mahindi yenyewe, huyaosha na kuyaanika, kisha huyapeleka mashineni alfajiri kabla mteja mwingine hajafika. Mwenye mashine amebandika kipande cha boksi mlangoni chenye maandishi ya mkaa: karanga husagwa kuanzia saa kumi jioni.